Nafasi Kati ya Vidole Viwili

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mama yetu, kwa niaba ya familia, mimi kifungua mimba wake nawasomea maisha yake kwa mfuatano wake.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mshona viatu na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1976, akapata stashahada ya uchoraji mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaajiriwa na kiwanda cha vigae, alikofanya kazi hadi kustaafu mwaka 2013.

Mwaka 1986 hospitali iliagiza ukuta wa sehemu ya kusubiria katika wodi ya wazazi upambwe kwa picha ile mashuhuri ya dari la kanisa, iliyochorwa karibu miaka mia tano iliyopita, Mungu akimnyooshea mwanadamu kidole na mwanadamu akinyoosha chake, bila kugusana. Mama aliichora kigae kwa kigae, lakini kile cha vidole kilipochomwa tanuruni rangi ilitiririka, vidole vikagusana, akakitenga na kuchora kingine. Fundi wa kubandika, akiwahi saruji isimkaukie, akakosea boksi na kubandika kile kilichokataliwa. Mama alipodai king'olewe, fundi alimjibu kwamba wawili hao wamesubiriana miaka yote hiyo, leo wameshikana, sasa dada unawaachanisha wamekukosea nini? Mama akamweleza kwamba vidole vilivyogusana vimemaliza kazi, uhai wote wa picha umo katika ile nafasi. Ubishi huo haukuisha, na tarehe 6 Juni 1987 walifunga ndoa.

Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1988 na mdogo wangu mwaka 1991, sote tukizaliwa katika wodi hiyohiyo, na kila walipopita pale mama alisema, Fundi, kosa lako bado limekaa, naye baba akajibu, limekaa na limependeza. Kigae sahihi kiliishi jikoni kwetu, chini ya birika la chai.

Januari 2024 mama aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa mwezi Agosti katika hospitali ileile, na hapo baba, bila kuambiwa na mtu, alikitoa kigae chini ya birika, akaomba ruhusa ya uongozi, akashika patasi, akang'oa kile cha ukutani na kubandika hiki. Mama alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi mbele ya ukuta, akatazama kwa muda mrefu, akasema, sasa ndiyo, Fundi. Siku mbili baadaye, alfajiri ya tarehe 19 Agosti, alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa kiwandani waliokesha nasi. Kigae cha zamani kilitoka na ufa mmoja tu, birika sasa limekaa juu yake, na baba ameniagiza niseme kwamba hicho hakiguswi.

Mama, nafasi yako tunaiona, wala hatutaiziba. Pumzika kwa amani.