Mzee Nani-Huyu Akabidhi Chumba cha Picha

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha picha cha gazeti letu, Mzee Nani-Huyu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi lipo kwenye faili la utumishi, ila hakuna anayelitumia, mkewe akiwemo. Hili la sasa alilipata kwa kumsimamisha kila mpita njia koridoni, picha mkononi, na kumuuliza: "Nani huyu?"

Alianza enzi za filamu, akisafisha picha gizani na kutoka humo ananuka dawa kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Baadaye akakabidhiwa makabati yote ya picha, pamoja na paa lililovuja juu yake. Msimu mmoja wa mvua kabati zima lililowa. Timu ya mpira iligandana na harusi ya watu, na hadi leo hatujui bwana harusi ni yupi kati ya wale kumi na mmoja.

Hapo ndipo Mzee alipokuja na wazo la maktaba ya picha ya kidijitali. Mkuu wetu wa fedha alilipinga: picha ni picha tu, waliomo wanajijua. Mzee hakubishana. Alichambua picha, akaziskani, akaandika chini ya kila moja ni nani, wapi, lini na anafanya nini, kisha akahifadhi nakala kwenye jengo jingine lenye paa la heshima. Picha zenye ukungu zilitupwa, isipokuwa zile alizotokea yeye.

Tatizo lilikuwa ukweli wake. Mhariri aliyetafuta "mkutano muhimu" alijikuta mwenyewe: "Mhariri, mkutano muhimu, usingizi, udenda." Tulimsihi apunguze makali. Akatuuliza: siku mtu akihitaji udenda, ataupata wapi?

Ikafika siku ya bodi kuamua kama mradi uendelee au ufe. Mwenyekiti wa bodi, mama aliyewahi kuwa mwandishi wetu, aliomba kujaribu mtambo. Akaandika jina lake. Kwenye skrini kubwa ikatokea picha ya mbio za magunia za wafanyakazi: yeye, kijana mbichi, kifudifudi, mdomo umejaa nyasi. Maelezo: "Ameanguka. Anadai amesukumwa."

Wengine tulishaanza kuaga kazi kimoyomoyo.

"Nilisukumwa!" mwenyekiti akafoka. "Miaka yote hii nasema nilisukumwa, mnanicheka!"

Mzee, bila kupepesa jicho, akabonyeza picha iliyotangulia. Mkono mgongoni mwa mwenyekiti, na nyuma ya mkono huo mhasibu kijana, meno yote nje. Alikuwa mkuu wetu wa fedha.

"Ilikuwa bahati mbaya," akanong'ona mkuu wa fedha.

"Na hicho kicheko?" akauliza Mzee.

Mwenyekiti alicheka hadi miwani ikamdondoka. Mradi ulipitishwa palepale, na wa kwanza kuunga mkono alikuwa mkuu wa fedha. Safari hii mkono wake ulikuwa juu, kila mtu akiuona.

Sisi tutamkumbuka zaidi kwa jambo jingine. Dada anayesafisha ofisi zetu hakuwa na hata picha moja ya marehemu mama yake, aliyekuwa akiuza maji uwanjani. Mzee aliandika "mama, ndoo ya maji, uwanja", akazipitia picha zilizotokea moja baada ya nyingine, hadi nyuma ya goli moja la zamani akaonekana mama huyo ameruka juu, anashangilia, ndoo imemwagika. Dada aliisogelea skrini. "Kumbe alikuwa anapenda mpira," akasema. Picha hiyo sasa imetundikwa sebuleni kwake.

Mkewe Mzee ametuomba tutangaze kwamba albamu za nyumbani hazihitaji maelezo yoyote. Kila la heri, mama.

Nawe Mzee wetu, ahsante kwa kazi, kwa vicheko na kwa subira. Nenda ukapumzike, ule ushibe, ulale uamke na afya tele. Mlango wetu uko wazi, na paa tumeshaliziba.