Joab Simiyu na Diski Iliyobaki Drooni

Ndugu waombolezaji, mimi ni Nanjala, dadake marehemu, nitasoma mambo yalivyokuwa, na anayetaka maneno ya kupambwa atanisamehe.

Joab Simiyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Makupa, kifungua mimba wa baba yetu aliyefanya kazi reli, akasoma msingi papa hapa, akamaliza sekondari Kimilili mwaka 1992, chuo hakwenda, kompyuta alijifunza kwa kufungua zilizokufa, nami nikajifunza kwa kumtazama.

Mwaka 2009 alipanga chumba cha juu kwa Bi Mwanatumu, mtaa wa Ndia Kuu, akawa mtu wa kurudisha data zilizopotea kwenye seva na mashine pepe, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine, na isiyorudishika alikwambia hairudi, basi.

Alifunga ndoa na Beryl tarehe 6 Agosti 2011, wakajaliwa Mercy mwaka 2013, na Beryl akatutoka tarehe 2 Mei 2015, mtoto hata kuongea hajajua vizuri. Sauti ya Beryl akimwimbia Mercy alale, Joab aliihifadhi ndani ya mashine pepe aliyoiita Jaribio, jina la haraka ambalo hakulibadilisha, na mwaka 2019, akisafisha seva apate nafasi ya kazi za watu, aliifuta pamoja na majaribio mengine. Nakala ya pili hakuwa nayo, yeye aliyegombeza mji mzima kwa kukosa nakala.

Alizima seva papo hapo, kwa kuwa kila kinachoandikwa upya hufunika kilichopotea, akahangaika hadi akaokoa na kunakili kikohozi na kicheko kifupi cha Beryl, wimbo wenyewe haukuja, kisha diski ya seva ikaanza kugonga, akajua ikiwashwa tena huenda ikawa mwisho wake, akaitia drooni. Tangu hapo alikula peke yake, visikizi masikioni, akirudia kicheko kile. Mteja mmoja alimkejeli kwamba, fundi, data yako mwenyewe imekushinda, yangu utaiweza? Naye akamjibu kwamba hiyo yangu ndiyo inayonifanya nikwambie ukweli.

Aliugua figo tangu 2023, akafariki tarehe 9 Juni 2025, hospitalini hapa kisiwani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bi Mwanatumu ambaye kila Ramadhani alimpandishia bakuli la futari, na mafundi wenzake. Na wewe uliyenifuata matangani kuniuliza seva yako itakuwa tayari lini, nilikusikia, ngoja tuzike kwanza.

Diski alimwachia Mercy aamue. Nimemuuliza jana kama tujaribu, akasema, shangazi, bado.

Lala salama, kaka. Hatujaiwasha.