Kiti cha Kando ya Néhémie

Sogeeni, batoto bangu, mukae hapa ninapowaona. Kamali, zima redio. Umuhire, acha kulia kwanza, utalia nikiisha kwenda. Mama yenu ana maneno mengi na pumzi ni kidogo. Shamba la Gikundamvura mugawane nusu kwa nusu, mpaka uwe ule mtaro aliouchimba baba yenu. Nyumba hii ya Cyangugu ni ya Umuhire, maana ndiye aliyeniosha miezi hii yote, na wewe Kamali usinikunjie uso. Hayo yamekwisha. Sasa tuseme ya gari.

Nimeiona karatasi yako, Kamali. Umeibandika kwenye kioo, À VENDRE, yaani inauzwa, herufi kubwa, na mimi bado napumua! Gari ile nyekundu ya Bataliano, iliyotengenezwa Italia, imekupita umri. Baba yenu Néhémie aliipata kwa Mbelgiji mmoja wa Bukavu, tulipokuwa tunaishi kule, akailipia kwa kazi ya garaji mwaka mzima. Siku aliyoileta alinifungulia mlango, anacheka kama bwana harusi, akasema, "Maman Kamali, panda." Nikatazama ndani: milango miwili, viti viwili, nyuma hakuna kitu. Mmoja wenu mgongoni, mwingine mkononi. Nikamuuliza, "Na batoto batakaa wapi?" Nikaapa sitaipanda gari isiyokuwa na nafasi ya batoto bangu, nikidhani ataiuza. Ee, ujinga wangu! Hakuiuza. Sisi tukawa tunakwenda misa kwa miguu, yeye na gari yake, kile kiti cha kando kitupu, mpaka Jumapili moja nikaona mule ndani kuna kitambaa cha kichwa, na kichwa chenyewe ndani ya kitambaa.

Charlotte. Munamujua, yule muuza vitenge kutoka Bukavu anayevuka daraja la Rusizi kila Ijumaa. Baba yenu alimufundisha kuendesha. Alisema ni kazi tu, wanapeleka vitenge Uvira. Labda. Sikuuliza, niliogopa jibu. Lakini wivu, batoto bangu, nililala nao na kuamka nao miaka kumi na tano. Kila Jumamosi nilikiosha kile kiti kwa sabuni ya kufulia, nikitafuta unywele mmoja tu, na nisipoupata nilikasirika zaidi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata padri hajalisikia. Mwaka wa tisini na sita tulikuwa tumesharudi huku, baba yenu amebaki Bukavu kulinda garaji yake. Vita vilipoingia, ninyi niliwaacha kwa shangazi yenu kule Nyakabuye, mimi nikawa nashinda darajani kumungoja. Siku ya tatu gari ikafika, asubuhi. Néhémie kwenye kiti cha kando, risasi tumboni. Charlotte kwenye usukani, damu ya mume wangu mpaka kwenye viwiko vyake. Askari wa mpakani akaniuliza, "Maman, hawa bantu ni bako?" Nikajibu, "Mwanaume ni wangu. Huyu mwanamke simujui."

Simujui! Mdomo huu ndio uliosema. Yeye hakubisha. Aliniwekea ufunguo mkononi, akasema, "Maman Kamali, umupeleke mbio." Askari wakamurudisha alikotoka, Bukavu, kwa miguu, mabomu yanalia. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi sijui kuendesha. Niliyemufukuza ndiye peke yake aliyejua. Tukaisukuma ile gari, mimi na bapagazi banne, kilima chote mpaka hospitali, na baba yenu akaniangalia kupitia kioo njia nzima. Alikata roho mlangoni. Muganga alisema tumechelewa kidogo tu. Kidogo tu, Umuhire. Nimekaa na hiyo kidogo miaka mitano.

Charlotte aliumizwa mguu na mabomu hayo, akapona, munaona anavyochechemea. Hajanilaumu hata siku moja. Ameomba kuinunua gari mara tatu, na mara tatu nimesema heri ioze chini ya turubai. Wewe Kamali unamutaka yule tajiri wa Kigali, anatoa nyingi. Hapana. Ijumaa akivuka, mupeni Charlotte ufunguo, bila faranga hata moja. Mumwambie nilimujua. Mumwambie nilimujua vizuri sana.

Usisonye, Kamali. Na musifikiri nimekuwa mutakatifu. Wivu upo hapahapa, unakohoa pamoja nami. Gari ataichukua, lakini kile kiti cha kando hakipati. Aendeshe mpaka kwao, na pembeni yake paonekane chuma tu. Kamali, chukua spana, ni bolti nne. Kakifungue sasa hivi. Nenda, baba, nenda.

Umuhire, nipe maji. Bado kidogo... Musigombane kwa ajili ya nyumba. Kaburini muniweke kando ya baba yenu, karibu kabisa, asipite muntu katikati. Mungu awape njia nyeupe, awape batoto, na wakubali kuwasikiliza kuliko ninyi mulivyonisikiliza... Unarudi, Kamali? Kiweke hapa, kitazame dirisha. Ninyanyueni. Polepole... mguu huo... ndiyo.

Kumbe ni laini hivi.

Funga mlango, Néhémie. Batoto bamekuwa bakubwa. Nimepanda.