Mtoto wa Nane

Boti ya kutoka kisiwa cha Remba ilikuwa inakaribia Mbita mzee aliyeketi mbele yangu alipoisoma tisheti ya mama wa kando yake. Iliandikwa jina la mradi uliokuwa ukitunza watoto wa wasichana waliozaa wakiwa bado shuleni.

"Hao walituacha," akasema. "Msichana wangu Emmaculate alirudi shule kwa sababu yao. Sasa wamefunga, na mtoto wake hana wa kumshika. Naenda kumtoa shule leo."

Mama akamgeukia. "Mimi Truphena, mzee. Ndiye nilikuwa naangalia hao watoto. Wakubwa wa mradi walienda Juni. Mimi bado niko na saba kwangu, na ni chumba kimoja."

Kwa kadiri nilivyoelewa, mradi ulikuwa umebaki yeye na tisheti.

"Basi unaona siko mbaya," mzee akasema.

"Sijasema uko mbaya. Lakini amebakisha miaka miwili tu."

"Hiyo miaka miwili nani atabeba mtoto? Bibi yangu ako kitandani tangu Pasaka. Leo mtoto tumemwachia jirani."

Injini ikazimwa. Truphena akajipangusa uso.

"Mtoto ameanza kutambaa?"

"Ameanza."

Truphena akafumba macho. Hakusema atamchukua, na mzee hakumwomba. Tuliposhuka, mama alichukua kikapu chake akaenda sokoni polepole. Mzee alibaki amesimama gatini. Bodaboda wawili walimwuliza anaenda wapi; shule hakuitaja, akawapungia mkono wapite.