Simu Isiyoshika Huku

Kwenye basi la ghorofa mbili la kwenda Halifax, Uingereza, huko juu, bwana mmoja aliketi karibu na Glenda wa duka la mikate, akatoa simu mpya na kuifuta kwa skafu, ingawa ilikuwa safi kuliko yeye.

"Hiyo si imetoka juzi tu?" Glenda akauliza. "Madukani ni pauni mia tisa." Bwana akatabasamu. "Nimeagiza Hong Kong, mia tano. Ni kujua kutafuta tu, mama." Glenda akameza mate. "Haya, wenye bahati zenu. Mie nimefungwa mkataba wa miaka miwili na hili gofu la simu lenye ufa."

Bwana akainua simu dirishani, akaishusha, akaiinua tena. "Samahani, naomba yako nimpigie mke wangu. Hii haishiki mtandao wowote wa huku."

Ningekuwa mimi ningecheka mpaka kituo cha mwisho. Glenda hakucheka. "Piga," akasema, "ila hiyo niachie niishike."

Basi liliposimama, bwana bado alikuwa anamsimulia mkewe jinsi alivyookoa pauni mia nne. Glenda alikuwa anajipiga picha ya saba kwa ile simu mpya, na hakuonekana mtu wa kushuka.