Dada Aliyeutafutia Mwanga Mlango

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kumfuata, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, nami nitayasoma yote, pamoja na sehemu ambayo haikuwemo kwenye karatasi waliyoipitisha jana.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha chupa, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu fundi vioo na mama yetu mshonaji, mimi nikafuata baada ya miezi kumi na minne, na tangu hapo sketi zangu, madaftari yangu yaliyobaki kurasa, na hata jina nililoitwa shuleni, Mdogo wa Yule, vyote vilitoka kwake.

Alianza shule ya msingi Januari 1975, akamaliza mwaka 1981 akiwa wa kwanza, akaingia sekondari ya wasichana, akawa wa kwanza tena, akapata shahada ya kemia mwaka 1991 na ya uzamivu mwaka 1997, na katika miaka hiyo yote mimi sikuwa mjinga, naomba ieleweke, nilikuwa wa pili au wa tatu darasani kwangu, ila nyumbani kwetu wa pili hakuwa akipigiwa makofi.

Tarehe 1 Septemba 1997 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa mwanga, akakabidhiwa taa nyeupe bapa, zile za kioo chenye matabaka ya kemikali ogani, membamba kuliko unywele, yanayowaka yenyewe yakipitishiwa umeme, na shida yake, aliyoieleza hata kwa muuza mboga aliyekuwa na haraka zake, ni kwamba mwanga mwingi huzaliwa ndani na kukwama humo humo kwenye kioo, umeme ukaliwa bure, kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa kuutafutia mlango wa kutokea. Mwaka 2003 aliniombea kazi pale pale, ya kupima taa zao, basi nikawa napima ushindi wake kwa mikono yangu mwenyewe.

Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1999 na shemeji yetu, mwalimu wa hisabati, ambaye, shemeji uniwie radhi, mara mbili za kwanza alikuja nyumbani kunitembelea mimi, wakajaliwa binti mwaka 2001 na mvulana mwaka 2004, wanangu hawa mnaowaona mbele, waliomlilia mama yao wakiumwa na kunikumbuka mimi wakitaka pipi.

Sasa nafika Jumanne ya tarehe 17 Mei 2011. Siku hiyo dada aliniletea kioo chenye vinundu vidogo sana juu yake, alivyovibuni mwenyewe ili mwanga upenye, nami nilitakiwa kuziba kingo kwa mkanda mweusi, maana mwanga unaovuja pembeni hauhesabiwi, lakini mkanda ukaingia ndani milimita moja kila upande, ukafunika sehemu ya uso unaowaka, taa ikasoma lumeni 60 kwa wati, yaani kiasi cha mwanga kwa umeme inaoula, nikauona mkanda ulivyokaa, nikajua imesoma chini, nikaandika 60 kwenye daftari la vipimo. Ni wivu tu, sina sababu nyingine ya kuwapa. Dada akauweka kando muundo ule, mwaka uliofuata watafiti wa nchi nyingine wakatangaza 70 na kusifiwa kila mahali, na yeye alipourudia muundo wake na kutangaza 74 mwaka 2014, wale wa nje walikuwa wameshafika 80.

Figo zake zilianza kumsumbua Januari 2021, akalazwa mara nne, na Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 2022, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema alijua tangu wiki ile ile, kwa kuwa nilimrudishia kioo na mkanda wangu ukiwa bado juu yake, akaubandua, akapima mwenyewe, akapata 74, lakini kuomba kipimo kirudiwe kulimaanisha kuandika sababu daftarini, nami nilikuwa tayari na barua ya onyo, akaona heri akose yeye kuliko nifukuzwe mimi. Kisha akaniomba nimkune mgongo. Ndugu zangu, hata hapo nilimwonea wivu, kwa sababu mimi nisingeweza kufanya alivyofanya.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Oktoba 2022, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea viti na kutupikia siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, na wewe mkurugenzi wetu, uliyekaa mstari wa pili, nakuomba mbele ya watu hawa daftari la tarehe 17 Mei 2011 lisahihishwe, lisomeke 74, sababu iandikwe kwa jina langu, nami kesho asubuhi nitakuja ofisini kwako kupokea barua yangu ya kufukuzwa.

Dada, pumzika sasa kwa amani.