Spika wa Chumba cha Chai Anaondoka Wodini

Tarehe thelathini mwezi huu, Muuguzi Mkuu wa wodi ya magonjwa ya wanawake, ambaye hospitali nzima tunamwita Sista Spika, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, na kwa sababu ambazo sijaelezwa hadi leo, kazi hiyo ikaangukia kwa daktari wa macho, yaani mimi. Nilikataa katakata. Mstaafu mwenyewe akachungulia mlangoni kwangu, akaniuliza nimeanza au bado. Ndiyo maana mnasoma haya.

Alianza kazi hapa akiwa mwembamba mno, mlinzi wa getini akamzuia siku ya kwanza akidhani ni mwanafunzi aliyekuja kumwona mama yake. Kosa hilo halikurudiwa. Kuanzia muuguzi wa zamu akapanda ngazi hadi kuongoza wodi, akafundisha wakunga ambao leo wametapakaa kila kona, na siku moja alimtoa mkurugenzi wodini kwa sababu ya viatu vyenye matope. Mkurugenzi alirudi pekupeku, mpole kabisa, akaendelea na ukaguzi wake.

Jina la Spika lilizaliwa kwenye chumba cha chai. Chumba chenyewe ni cha meza moja, birika linalovuja, na viti vitano, kimoja kibovu, ambacho huwa tunawaachia wageni. Madaktari wetu walisomea nchi tofauti, na kila mmoja alirudi na sheria za huko kichwani. Yakija mazungumzo ya kutoa mimba, chai ilipoa. Mmoja alisomea nchi ambako mwanamke anaomba mwenyewe na anahudumiwa, mradi wiki zilizowekwa hazijapita. Mwingine alisomea ambako hata kulitaja jambo hilo watu hufunga mlango kwanza. Wa tatu alisomea ambako lazima jopo likae, na kwa maelezo yake, hadi jopo lipate ukumbi, mtoto ameshaanza kutambaa. Hata namna ya kutibu walibishana, huyu akitetea vidonge, yule akitaka chumba cha upasuaji. Wote walikuwa wakisema "sheria inasema", na hakuna aliyesema ni ya wapi.

Sista alichoka. Akaweka kanuni: kabla ya kusema sheria inasema, taja nchi. Ukileta sheria ya ugenini ukaiuza kama yetu, unaosha vikombe vya wodi nzima. Yeye mwenyewe aliongoza vikao, miwani puani, akigonga meza kwa kijiko. Mganga mkuu, ambaye ni mbishi wa kuzaliwa, aliosha vikombe wiki nzima mfululizo na akawa na mikono misafi kuliko wakati mwingine wowote wa utumishi wake. Mimi sikuosha hata kimoja. Macho hayana ubishi wa namna hiyo.

Mambo yalikuwa hivyo, ya kucheka tu, hadi alipoletwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mimba yake ilikuwa ya miezi minne, chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, na homa ilikuwa inapanda. Mtoto hakuwa na namna ya kupona. Mama alikuwa nayo, kama asingecheleweshwa. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwerevu, mtaratibu, aliyetoka masomoni hivi karibuni. Alisikia moyo wa mtoto bado unapiga, akasema tungoje kidogo. Saa zikapita, akasema tena tungoje kidogo. Nchi aliyosomea, daktari anayegusa kabla moyo haujasimama anaenda jela, na hofu hiyo alikuwa amepanda nayo ndege kurudi nyumbani.

Mwalimu naye alikuwa ameshakata tamaa. Dada yake, aliyeolewa nchi jirani, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa tatizo hilo hilo, akingojeshwa hivyo hivyo. Kwa hiyo alikuwa anamwelekeza mumewe nani alee watoto na nani asipewe kabisa. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akamwambia, "Mwanangu, hutakufa. Hiki ni kitanda cha nchi nyingine."

Sheria yetu inaruhusu mimba itolewe pale maisha au afya ya mama inapokuwa hatarini, madaktari wawili wakikubaliana. Kijana, alipokumbushwa yuko nchi gani, alikubali. Ikabaki kumpata daktari wa pili. Bingwa wa wodi alikuwa safarini, mganga mkuu simu yake haipatikani. Sista akaja kwangu, bila hodi. Nilikuwa nimemtia dawa ya matone mzee mmoja na kumwambia asishushe kichwa. Nikamweleza Sista kwamba mara ya mwisho kukanyaga wodi yake nilikuwa mwanafunzi. Akanijibu kuwa sheria inataka daktari, haikusema awe anaangalia wapi. Nikaenda. Nilichokiona kitandani, hata daktari wa macho alitosha kukiona. Nikakubali, nikasaini, kazi ikafanyika mara moja, na mwalimu akapona. Niliporudi, mzee wangu alikuwa bado ameinua kichwa, anakoroma.

Siku ya kuruhusiwa, mwalimu alimuuliza Sista kama dada yake ilikuwa lazima afe. Sista akamwambia atakwenda kuuliza. Akachukua likizo, akapanda basi hadi nchi ile ya jirani, akatafuta wanasheria, akakaa na wakunga wa hospitali alikofia dada huyo, akauliza hadi wakamchoka. Aliporudi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu, akamwambia, "Hakupaswa kufa. Hata sheria ya kule inaruhusu kumwokoa mama. Pale wodini kila mtu alidhani mwenzake ameisoma." Walilia wote wawili. Najua, kwa sababu kesho yake Sista alikuja kliniki kwangu macho yamevimba, akasema ni vumbi la safari. Nikamtia matone, sikubisha.

Tangu hapo likizo zake zote zimeishia kule, akiwafundisha wakunga na madaktari sheria yao wenyewe, ambayo ni kali, lakini haijamkataza mtu kumwokoa mama anayekufa. Mwezi ujao anahamia kabisa, kwa mwaliko wao. Wodi itapungukiwa sana, na mimi nitamkosa kuliko nilivyotegemea.

Sista, asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wenyeji wanaojua kupika. Mwalimu ameomba niongeze neno lake: kila mama wa kule atakayerudi nyumbani kwa wanawe, umhesabu kuwa ni dada yake.